Lenzi ya kupigia treni za mizigo milimani: kabla ya yote uliza kama inarefuka

Meseji zinazonijia siku hizi kuhusu lenzi ni malalamiko matupu, na ukiyasoma vizuri karibu yote ni lalamiko moja. Mtu kanunua lenzi ya maana, kapanda nayo mlimani kusubiri treni ya mizigo kwenye reli ya tawi ambayo ikipita moja kwa siku mshukuru Mungu, halafu karudi na picha zimekatwa magurudumu, au lenzi imegonga jiwe njiani akiwa ameining'iniza begani, au baada ya muda anamulika anaona vumbi limekaa ndani ya vioo kabisa. Wote wanasema bahati mbaya. Bahati mbaya gani jamani, mmeuziwa lenzi inayorefuka mkizungusha zumu na hakuna aliyewaambia kwamba huko juu hilo ndo linaleta kasheshe kuliko kitu kingine chochote.

Kwa hiyo habari za megapikseli na fremu ngapi kwa sekunde mi sizigusi leo. Treni ndefu ya mizigo kwenye mwinuko wa asilimia 2.5, yaani kila kilomita inapanda mita 25, haikimbii, inatambaa. Shata ya 1/500 ya sekunde inatosha na ziada, mara nyingi hata 1/250, na kamera yoyote ya miaka hii fokasi yake itaifuata bila kutoa jasho. Hujaenda kupiga ndege wawindaji.

Shida inaanza hivi. Umepata kona nzuri, treni inatokea kwa mbali unaanza nayo zumu ikiwa kwenye milimita 200, umeifunga kamera kwenye tripodi na kichwa umekilegeza kidogo ili uigeuze taratibu. Lenzi imerefuka, uzito wote uko mbele, umeshausawazisha. Treni inasogea, unarudisha zumu ili mabehewa yote yaingie kwenye kona, bomba la mbele la lenzi linarudi ndani, uzito unahamia nyuma, pua ya lenzi inainuka yenyewe taratibu na wewe macho yako yako kwenye taa za kichwa cha treni huoni chini. Ukija kuangalia nyumbani magurudumu hayapo, reli haipo, una picha ya paa na moshi. Na treni ya kurudia hamna, hizi za mizigo hazina ratiba ya kubandikwa ukutani kama za abiria.

Halafu kuna unyevu na uchafu. Milimani ukungu unakuja saa yoyote, manyunyu yanalowesha lile bomba likiwa nje, ukilirudisha unaingiza maji ndani kwa mkono wako mwenyewe. Na kwenye miteremko mirefu kama mabehewa yanatumia breki za chuma cha kutupwa, yale matofali ya breki yanasagika na unga wa chuma unatapakaa pembeni ya njia. Lenzi inayorefuka inavuta hewa kila ukiizungusha, kama pampu ya baiskeli. Isiyorefuka nayo haijafungwa kama chupa, vumbi kidogo litaingia tu baada ya miaka, ila tofauti utaiona.

Sasa tupange. Mimi ni mtu wa Nikon na sijifichi, asiyependa aruke aya mbili zinazofuata.

Namba moja ni Nikon AF-S 70-200mm f/4G, ile ya 2012. Gramu 850, urefu wake ni ule ule uwe kwenye 70 au 200, na inachukua filta za 67mm ambazo si ghali kivile. Ndiyo, ni ya mfumo wa zamani, kwenye kamera za Z, zile mpya za Nikon zisizo na kioo cha ndani, utaivalisha adapta ya FTZ na fokasi inafanya kazi kama kawaida. Watu wananiambia f/4 ni giza, yaani tundu lake linaingiza mwanga kidogo kuliko f/2.8, bonde likifunikwa na kivuli mapema utafanyaje. Utapandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, ndo utafanya hivyo! Njia ya kupanda ikiwa ni mawe matupu na una maji na koti la mvua mgongoni, zile gramu mia tano na zaidi unazookoa ukilinganisha na f/2.8 utazikumbuka ukiwa nusu ya njia. Ukiwa na kamera ya kihisio kidogo inakuwa kama 105-300, na hapo unapata mpaka injini za kusukuma kule nyuma ya treni zikitokea kwenye kona ya juu.

Namba mbili ni ndugu yake, Nikkor Z 70-200mm f/2.8 S ya 2020. Nayo hairefuki, picha zake sina neno, ila ni kama kilo moja na nusu na bei yake ni ya kuuza shamba. Ukiwa na gari linalofika karibu na sehemu ya kupigia, chukua. Ukiwa wa miguu, rudi namba moja.

Tatu nawapa Sony, nisionekane mkorofi: FE 70-200mm f/2.8 GM II ya 2021, gramu 1045 bila pete ya tripodi (ile inayovaa lenzi ili uifunge yenyewe kwenye tripodi), hairefuki, kwa f/2.8 huo uzito ni wa kushangaza kweli. Ila muwe macho na ndugu yake mdogo wa f/4, maana ile ya kwanza ilikuwa hairefuki na ile ya pili ya 2023 inarefuka. Majina yanafanana, muuzaji anakwambia "hii ndo mpya zaidi" na wewe unatabasamu.

Canon wamenichekesha kidogo. Mwaka 2019 walileta RF 70-200mm f/2.8 inayorefuka, fupi mno kwenye begi, kila mtu akashangilia, na haipokei hata kirefushi, kile kipande cha vioo unachoweka nyuma ya lenzi ili ivute mbali zaidi. Mwaka 2024 wakaleta nyingine, ina herufi Z mwishoni, hairefuki na kirefushi inapokea. Kwa hiyo walijua! Mwenye Canon na mfuko wake si mzito atafute EF 70-200mm f/4L IS ya zamani, gramu 760, na adapta yake. Ile isiyo na IS, yaani kituliza mtikisiko, ni nyepesi zaidi lakini haikuzibwa dhidi ya mvua, na huku mvua ndo mwenyeji.

Wanaotaka ndefu kabisa, Nikon Z 180-600mm na Sony FE 200-600mm zote mbili hazirefuki, na ndo zinafaa ukisimama ng'ambo ya bonde unaangalia daraja. Nikon ina gramu 1955 na Sony 2115, zote bila pete. Mi nachagua Nikon na sababu si ushabiki peke yake, inaanzia 180, na treni ikishakaribia hizo milimita 20 zinaokoa picha. Ila zote mbili treni ikiwa mbele yako huna kitu tena, na mchana wa jua lile joto linalocheza juu ya reli linafanya 600 iwe uji mtupu hata uwe na lenzi ya dhahabu.

Za bei nafuu sina mengi. Canon RF 100-400mm ni gramu 635 na inarefuka na haina kinga ya mvua, Tamron 70-300mm nayo inarefuka. Zinapiga picha. Ukiwa na Tamron 150-600mm G2 angalau unaweza kuifunga zumu popote unapotaka, nyingi zinafungika zikiwa fupi tu, na hiyo haikusaidii chochote katikati ya kazi.

Jambo la pembeni kabla sijasahau, lenzi ndefu isikupe kiburi cha kuingia relini. Treni inayopanda utaisikia dakika nyingi kabla, inayoshuka injini yake haihangaiki kuvuta, inaweza kukutokea kwenye kona karibu kimya. Simama mbali na njia.

Sasa hawa wauzaji. Hizo 70-200 za f/4 za Nikon na Canon pete ya kufungia tripodi haiji kwenye boksi, inauzwa peke yake, na bila hiyo uzito wote unaning'inia kwenye mdomo wa kamera. Kuna muuzaji mmoja wa mtumba nilimuuliza kama pete ipo akaniambia ipo, mzigo ulipofika nikaambiwa alimaanisha "ipo dukani", na bei aliyotaja kwa kile kipande cha chuma ningepata lenzi nyingine ndogo. Mwingine anaandika "kama mpya" huku picha zote kazipiga kutoka mbali gizani. Mwambie akutumie video: lenzi imeelekezwa chini anaitikisa, halafu anazungusha zumu mwanzo mpaka mwisho huku kamera inaangalia kwa ubavu, halafu tochi inamulika kutoka nyuma ili uone kama kuna fangasi, ile inayokuwa kama nyuzi za buibui pembeni ya kioo. Akikwambia hana tochi, simu aliyoandikia meseji hiyo ina tochi.