ATOP: hifadhidata inayokulazimisha usome mkataba kabla ya kumhukumu kiongozi

Nafundisha uhusiano wa kimataifa, na kila muhula swali ni lile lile: kiongozi akiitupa mkono nchi mshirika, wananchi wake humwadhibu? Wanafunzi wengi huja na jibu tayari. Wameshasoma hoja ya mwanasayansi ya siasa James Fearon ya mwaka 1994, kwamba kiongozi anayejifunga hadharani kisha akarudi nyuma hulipia nyumbani, na wanaichukua kama kanuni isiyo na walakini. Ndiyo maana huwapeleka kwanza ATOP.

Hii ni hifadhidata ya mikataba ya miungano ya kijeshi tangu 1815 hadi 2018, iliyojengwa chini ya uongozi wa Brett Ashley Leeds wa Chuo Kikuu cha Rice. Kuipakua ni bure. Kinachonifurahisha zaidi ni karatasi ya maelezo ya kila mkataba. Inakuonyesha nani aliahidi nini: kumtetea mwenzake, kushambulia pamoja naye, kutoegemea upande wowote, kutomshambulia, au kushauriana naye tu.

Msidharau tofauti hizo. Mwaka 1980 mtafiti Alan Sabrosky alipima ni miungano mingapi iliheshimiwa vita vilipozuka, akapata asilimia 27. Mwaka 2000 Leeds, Andrew Long na Sara Mitchell wakapima kwa kufuata masharti yaliyoandikwa, wakapata takriban asilimia 75.

Chukueni Italia. Kwa mkataba wa 1882, ilipaswa kuingia vitani pale Ujerumani itakaposhambuliwa na Ufaransa bila kuchokoza, au pale Ujerumani au Austria-Hungaria itakaposhambuliwa bila kuchokoza na mataifa makubwa mawili au zaidi. Agosti 1914 Austria-Hungaria ndiyo ilikuwa imetangaza vita dhidi ya Serbia, kwa hiyo Italia kukaa pembeni kulikuwa na utetezi ndani ya maandishi yenyewe. Mei 1915 mambo yakageuka: Italia iliukana mkataba huo na kumpiga mshirika wake. Waziri mkuu Antonio Salandra, akijua wabunge wengi hawataki vita, alijiuzulu. Mfalme akakataa, umati ukafurika barabarani ukidai vita, na bunge likasalimu amri. Pale mtaani, aliyekuwa hatarini ni yule aliyetaka amani.

Hapo ndipo ATOP inapofika mwisho wake. Inakuambia mkataba ulikufaje, haikuambii nani alilipia nyumbani. Mimi huiunganisha na Archigos, hifadhidata ya viongozi inayoonyesha tarehe na namna kila mmoja alivyoingia na kutoka madarakani. Kazi ya kuoanisha nchi, miaka na majina inachosha, lakini inafaa kuifanya. Hata hivyo, tarehe ya kuondoka si sababu ya kuondoka.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Édouard Daladier, waziri mkuu wa Ufaransa. Ufaransa ilikuwa imeahidi tangu 1925 kuisaidia Chekoslovakia ikishambuliwa na Ujerumani. Septemba 1938, mjini Munich, Daladier alikubali nchi hiyo ikatwe vipande. Aliporudi Paris alitarajia kuzomewa, akakuta umati unamshangilia uwanja wa ndege, na siku chache baadaye wabunge 535 wakaunga mkono makubaliano hayo dhidi ya 75. Aliangushwa Machi 1940, kwa kushindwa kuiokoa Ufini dhidi ya uvamizi wa Umoja wa Kisovieti, nchi hiyo ikiwa ni ambayo Ufaransa haikuwa na mkataba wa ulinzi nayo! Darasa hunyamaza nikifika hapo, kisha mabishano huanza, na ndiyo somo ninalolitaka: wananchi huadhibu aibu ya kushindwa kuliko kosa la kuvunja sahihi.

New Zealand inaongeza utata. Serikali ya waziri mkuu David Lange, kwa sera yake ya kupinga silaha za nyuklia, ilikataa meli ya kivita ya Marekani mwaka 1985, Marekani ikasitisha wajibu wake wa ulinzi mwaka 1986, na mwaka uliofuata chama cha Lange kikashinda uchaguzi tena. Kufikia 1990 hata wapinzani walikuwa wameikubali sera ile.

Naipendekeza ATOP kwa yeyote anayeandika tasnifu kuhusu mada hii, mradi asitegemee faili la takwimu peke yake. Anza na karatasi za maelezo, chagua mikataba michache iliyovunjwa, kisha tafuta kumbukumbu za bunge na magazeti ya wiki zile. Toleo lijalo likiongeza hata safu moja tu, inayoonyesha serikali iliyovunja mkataba ilikaa muda gani baada ya hapo, litawapunguzia watafiti kazi kubwa.