Uzoefu wangu na taler ya Garter ya Saxony, 1678

Nimeinunua kwa muuza sarafu za kale hapa Ujerumani, na sijutii hata senti. Ni taler, sarafu kubwa ya fedha ya Kijerumani, iliyopigwa Dresden mwaka 1678, enzi za Johann Georg wa Pili, mtawala wa Saxony, nchi ya Kijerumani, mmoja wa wakuu wachache waliokuwa na kura ya kumchagua Kaisari wa Dola Takatifu la Kirumi. Mwaka 1668 alichaguliwa kuingia katika Nishani ya Garter, chama cha heshima cha mashujaa wa Kiingereza, chini ya Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza, na miaka kumi baadaye bado alikuwa akiitangaza heshima hiyo kwa fedha.

Upande wa Mtakatifu George siuchoki: yuko juu ya farasi, anamuua joka. Saxony ni nchi ya Luther, na Walutheri hawawaombi watakatifu. Lakini George ndiye msimamizi wa Garter, tena mtawala mwenyewe alibeba jina lake. Basi picha ileile inamheshimu mfalme wa ng'ambo na kumtukuza mtawala aliyeitoa sarafu. Maandishi ni ya Kifaransa. Mjerumani, nishani ya Kiingereza, Kifaransa: siasa za Ulaya ya karne ile zote ziko kiganjani.

Yangu ina kasoro. Juu ukingoni pana kovu la kikuku kilichowahi kuchomelewa ili ivaliwe shingoni, jambo la kawaida kwa sarafu za namna hii. Muuzaji alilitaja kovu hilo mwenyewe, akalipiga picha kwa karibu, na bei ikashuka sana. Hapo ndipo nilipomwamini. Kwingine nilikuta tangazo la sarafu kama hii, ukingo umekwanguliwa na uso umeng'arishwa, na hawakusema neno. Iliyong'arishwa achana nayo kabisa: ule weusi uliotulia kwenye mikunjo ndio unaoutokeza mchoro.

Ulizia uzito kabla ya kulipa. Taler nzima ya wakati ule ina gramu 29 na ushee, zaidi kidogo ya riale ya Maria Theresa iliyotumika Zanzibar na Pwani, yenye gramu 28. Za kughushi zilizomiminwa kwenye kalibu mara nyingi zina vitundu vidogo na herufi butu.

Mzigo ulifika salama. Risiti tu ndiyo iliyoandikwa "sarafu ya Saxony" basi. Niliomba nyingine yenye mwaka, uzito na kovu la kikuku, wakanitumia bila ubishi.