Siti mbili jirani kwa tiketi za siku tofauti: uzoefu wangu na wakala wa tiketi hapa Tanga

Pale stendi ya mabasi ya Kange, kuwekewa siti jirani na mwenzako si kesi. Unamwambia mkata tiketi, "Siti ya pembeni ya mama niachie, mimi napandia Chalinze." Anachukua kalamu, anaandika jina lako kwenye karatasi yake ya siti, biashara imekwisha. Ukipanda Chalinze unamkuta bi mkubwa kaweka kikapu juu ya siti yako na anamtolea macho kila anayeikaribia.

Nikadhani ndege nayo ni hivyo hivyo.

Mama alikuwa anakwenda India kubadilishwa goti la kulia. Tukapanga kaka ampeleke, akae naye upasuaji upite, kisha mimi niende kupokea zamu, kaka arudi kazini, na mama nirudi naye mimi. Watu watatu, tarehe nne. Mji wetu unasifiwa kwa "waja leo waondoka leo", sisi tulikuwa waja leo na kila mmoja anaondoka na siku yake.

Wakala mwenyewe yuko Ngamiani, chumba kimoja kimepakana na duka la vitenge, kompyuta moja, feni moja, kijana mmoja mwenye subira. Jina la ofisi silitaji kwa sababu nina ya kumsifu na nina ya kumlaumu.

Nianze na sifa. Kaka alitaka yeye na mama wakatiwe kwenye bukingi moja, halafu tarehe yake ya kurudi ataibadilisha mbele ya safari. Kijana akakataa. Akatueleza kwamba bukingi moja inabeba watu wenye safari moja tangu mwanzo hadi mwisho: ndege zilezile, siku zilezile, kwenda na kurudi. Mmoja akitofautiana hata siku moja, anatakiwa awe na bukingi yake. Ukianza nao pamoja halafu ukabadilisha mmoja, bukingi inagawanywa, na tiketi nyingi za bei rahisi zinatozwa faini ukigusa tarehe. Kwa hiyo alitukatia bukingi tatu, kila moja na kodi yake, yaani zile alama sita za herufi na namba zinazoitambulisha bukingi. Kaka alinuna kidogo lakini nadhani kijana alituokolea hela.

Tatizo ndipo linapoanzia hapo. Ukiwa na bukingi yako peke yako, mfumo wa shirika haujui kwamba yule mwingine ni mama yako. Jina la ukoo kufanana halisaidii kitu. Kwa kompyuta, mimi na mama wakati wa kurudi tulikuwa wageni wawili waliotokea kupanda ndege moja.

Nikamwambia kijana, "Kaka, basi tulipie siti kabisa, nikae na mama." Tiketi zetu zilikuwa za daraja la chini, zile ambazo kuchagua siti ni hela ya ziada, tena kwa kila ndege, na kurudi tulikuwa na ndege mbili kwa sababu tunabadilisha huko Ghuba. Nikalipa, nikapewa karatasi: mama 31C, mimi 31D. C na D, zinafuatana, nikakunja karatasi nikaweka kwenye pochi.

Karibu wiki nzima nilitembea na karatasi ile bila wasiwasi. Siku moja nikafungua programu ya shirika kwenye simu, nikaangalia ramani ya ndege. Siti za ndege hiyo ni tatu, njia, tatu, njia, tatu. A, B na C zipo kushoto. D inaanza baada ya njia. Yaani mimi na mama tungekaa jirani kama nyumba mbili zinavyokuwa jirani kwa kutenganishwa na barabara, na kila toroli la chakula likipita simuoni.

Nikarudi Ngamiani. Kijana akageuza kompyuta tukatazama wote wawili, akacheka kwa aibu. "Dada, nimesoma herufi, sikutazama picha." Akataka kumhamishia mama D ili mimi nikae E. Nikamwambia hapana, na hapa nawaomba wenye wagonjwa wa miguu msome polepole. Ukiwa umekaa unatazama mbele, njia ya C iko mkono wako wa kulia, na njia ya D iko kushoto. Mama anafanyiwa goti la kulia. Anataka mguu wa kulia ndio uwe upande wa njia, aunyooshe toroli lisipopita, na akitaka kuinuka atangulize ule. Kwa hiyo mama abaki C, mimi ndiye nihamie B. B ilikuwa wazi, maana siti ya katikati haigombewi na mtu. Hilo nimejifunza: kama mmechelewa, kamata kwanza ya njiani kwa mgonjwa, ya katikati mara nyingi mtaikuta bado ipo.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu nililigundua nikiwa tayari India, zimebaki siku tatu turudi. Siti nilizolipia zilikuwa za ndege ya kwanza tu. Ile ya pili, ya kutoka Ghuba hadi Dar, hakuchagua kabisa. Mimi nilidhani nimelipia zote, yeye anasema alinieleza. Inawezekana, siku ile feni ilikuwa inapiga kelele. Nilimtumia ujumbe wa WhatsApp saa tatu asubuhi ya kule, Tanga ni saa kumi na mbili na nusu. Akajibu baada ya dakika chache, na hapo nilimsamehe nusu.

Kwenye mfumo siti za ndege ile zilikuwa zimefungwa, hazichaguliki tena hadi kaunta. Alichofanya ni kuwapigia ofisi ya shirika Dar, wakaandika kodi ya mama ndani ya bukingi yangu na kodi yangu ndani ya bukingi ya mama, na maelezo kwamba hawa wawili wanasafiri pamoja. Hayo maelezo hayakupi siti. Yanampa tu mtu wa kaunta sababu ya kukusikiliza. Nilimuuliza mbona hakufanya hivyo tangu mwanzo, siku ya kukata tiketi. Akaandika "Kweli dada" na kikaragosi cha mikono miwili. Jambo moja alikuwa ameshalifanya bila kuambiwa: ombi la kiti cha magurudumu kwa mama, ambalo halilipiwi.

Uwanjani niliziweka pasi zote mbili za kusafiria pamoja juu ya kaunta, na barua ya daktari juu yake. Boding pasi za ndege ya pili zikatoka mama 19C, mimi 27E. Nikamwonyesha dada wa kaunta zile kodi mbili. Akasoma, akabofya sana, akamwita mwenzake, wakanong'ona. Mama kwenye kiti chake cha magurudumu akaniuliza, "Wanatunyima?" Sikumjibu. Zikatoka mpya, 33C na 33B, bila senti. Ile niliyoilipia ilinirudisha hadi Ngamiani, ile ya bure ikamalizwa nimesimama pale pale.

Njia nzima mama aliamka kila baada ya saa moja kama daktari alivyoagiza, akatembea hadi chooni na kurudi huku kashika migongo ya siti za watu, akirudi ananipa habari za abiria. Dar kaka alitupokea, tukalala, kesho yake tukashika basi la Tanga. Siti alikuwa ameshaziweka kwa simu, dakika mbili.

Kwa nyota tano ningempa kijana tatu na nusu. Nusu anaipata kwa kujibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alinitoza elfu thelathini juu ya nauli na siioni kuwa nyingi, ila karatasi yake ya malipo ioneshe kila ndege kwa mstari wake na siti yake, mtu asome mwenyewe nyumbani.

Mwakani, Mungu akipenda, ni zamu ya goti la kushoto. Kaka atampeleka tena na mimi nitafuata tena. Nimeshapita dukani kwake kumwambia: safari hii mama anakaa D, mimi E, na ndege ni mbili.