Fundi eksozi wa Mwanga, Kigoma: nyota 5, hajanitolea masega

Wadau wa Kigoma, kama una gari la petroli na taa ya injini inawaka usikimbilie kutoa masega (kile kifaa chenye vitundu ndani ya eksozi kinachosafisha moshi, catalytic converter), pitia kwanza kwa fundi eksozi wa Mwanga upande wa barabara ya kushukia Ujiji. Nampa nyota 5.

IST yangu ilikuwa inakata pumzi kwenye milima ya kwenda Kasulu halafu nyuma inanuka yai viza. Gereji moja hapa hapa mjini wakaniambia dawa ni moja tu, pasua masega weka bomba tupu, tena wanakutolea bure, na bure yenyewe wote tunajua masega chakavu yana wanunuzi. Huyu wa Mwanga akakataa katakata. Akachomeka mashine ya kupima ikaleta kodi P0301 (silinda ya kwanza haiwaki vizuri) na P0420 (masega hayasafishi moshi ipasavyo), akafungua plagi, kumbe koili ya silinda ya kwanza imekufa, petroli inapita bila kuungua inaenda kuwakia ndani ya masega. Kubadilisha koili na plagi, basi, gari likarudi kwenye hali yake. Kupima na ufundi elfu 40, koili nilinunua mwenyewe.

Kilichonikosha zaidi, alinionyesha masega ya gari lingine yaliyokufa kwa ugonjwa huo huo. Ukimulika tochi unaona vitundu vya mraba vimepangana vizuri pembeni, ila katikati pameyeyuka pakaziba kabisa, bonge jeusi linang'aa. Mimi nafundisha kemia sekondari, nikabaki pale tunapiga stori. Ile kauri yenye vitundu ni kibebeo tu, juu yake kuna utando wa alumina, na kazi yote inafanywa na vichembe vya metali, gramu chache tu gari zima. Rodiamu inavunja oksidi za naitrojeni, paladiamu inamalizia kaboni monoksidi na petroli iliyobaki. Sasa utamu uko hapa, joto likizidi hizi mbili zikiwa pamoja zinaungana kuwa aloi, yaani metali moja iliyochanganyika, paladiamu inapanda juu inaifunika rodiamu na ile kazi ya naitrojeni inadorora wakati metali zote bado zimo humo humo, ndo maana kuna watengenezaji wanazipaka kwenye tabaka mbili tofauti. Dizeli ni kinyume kabisa, kule platinamu inachanganywa na paladiamu makusudi, maana platinamu peke yake kwenye joto na oksijeni nyingi vichembe vyake vinakusanyana kuwa vikubwa na uso wa kufanyia kazi unapungua, paladiamu ikiwepo vinatulia. Metali ni zile zile za ukoo mmoja ila jirani anayemfaa huyu anamuua yule, kwakweli nilifurahi mno na kidato cha nne lazima niwapeleke pale wakaone kwa macho.

Kasoro zipo, hakuna sehemu ya kukaa, na masega mapya hana, anaagiza Dar kwa hiyo utasubiri. Nenda kabla ya saa 3 asubuhi, baada ya hapo Noah na bajaji zinajaa.