Marufuku ya mifuko ya plastiki: Kenya na Tanzania

Kenya ilitangaza marufuku kwenye gazeti la serikali Februari 2017, ikawapa watu miezi sita. Wenye viwanda walikwenda mahakamani kuizuia wakagonga mwamba, na 28 Agosti ikaanza. Adhabu ilitisha: faini hadi shilingi milioni 4 au kifungo hadi miaka minne. Kwa mama muuza sukuma wiki, hiyo ni kufilisika.

Tanzania ilikwenda mbio zaidi. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni Aprili 2019. 1 Juni rambo, yaani mifuko hiyo ya plastiki, zikawa haramu. Ila kanuni zilipima mtu na mtu: mzalishaji faini hadi shilingi bilioni 1, anayekutwa nayo mkononi 30,000, au siku saba jela, au vyote. Kwa hili naiunga mkono Tanzania kabisa, maana adhabu inayolipika ndiyo inayotekelezeka.

Utekelezaji, lakini, uliachia mwanya. Vifungashio vya plastiki vya bidhaa viliruhusiwa, basi sokoni muuzaji akachukua kile chepesi kisicho na mshikio, akatia nyanya nne, akapiga fundo, akakupa.