Kulogini au kuweka kuponi? Nimenunua mara tatu kwenye duka moja la mtandaoni, haya ndo niliyoyaona

Jamani mimi sio mtu wa kuandika riviu kabisa ila hili nimeona nisikae nalo kimya. Kuna duka moja la mtandaoni hapa Dar linauza vitu vya nyumbani, jina silitaji, wanaolijua watalijua kwa ile mifuko yao ya njano. Vitu vyao sio vibaya, hapo nisiwadhulumu. Kero iko kule mwisho kwenye ukurasa wa kulipia, wamekuwekea kiboksi cha kujaza kuponi na chini yake kitufe cha kuingia kwenye akaunti, unadhani vyote viwili ni vyako, kumbe ukishika kimoja kingine kinakufa na hakuna anayekwambia mapema.

Kuponi namaanisha zile herufi na namba za punguzo, najua wengine mnaita kodi lakini mimi nikisikia kodi moyo unaenda TRA moja kwa moja.

Mara ya kwanza ilikuwa blenda. Wifi yangu yuko Mwanza akanitumia kuponi yake wasapu, "wifi chukua hii unapata 10% ya mteja mpya", nikasema haya. Blenda imeandikwa 78,000. Sikufungua akaunti maana nilikuwa na haraka na sipendi kujaza mafomu, nikanunua kama mgeni, nikabandika kuponi, ikatokea tiki ya kijani kuubwa na maandishi ya "hongera". Nikalipa. Usiku nimetulia naangalia meseji ya muamala naona nimekatwa 79,000. Nikarudia kusoma. Blenda ya 78,000 nimeilipia 79,000 na punguzo juu!

Hesabu yenyewe iko hivi. Ile 10% ina kikomo cha 5,000, kimeandikwa kwa maandishi madogo ya kijivu ambayo kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka ndo kabisa huyaoni, kwa hiyo badala ya kutolewa 7,800 nimetolewa 5,000, ikabaki 73,000, halafu ikaja kuongezwa delivari 6,000. Kuponi inapunguza bei ya kitu tu, delivari haiigusi. Sasa wengi wetu tunaangalia ule mstari wa "umeokoa" ambao wameupaka rangi, mstari wa jumla uko chini yake mweusi tu na unaupita kama msiba usiokuhusu.

Mzigo ulifika siku ya pili yake, kijana wa boda mstaarabu sana, alipiga simu "dada niko hapa Tabata Bima nielekeze", akanisubiri nikafungua boksi mbele yake. Nyota tano kwa yule kijana. Ila boksi zima halimaanishi jagi zima, kesho yake nasaga embe naona maji yanatiririka kwenye kaunta, jagi lina ufa pale chini karibu na visu, mwembamba kama unywele.

Hapo ndo nikajua mgeni ni mgeni kweli. Kurudisha bidhaa kunafanyika ndani ya akaunti, una kitufe chako cha "rudisha", unapiga picha, unatuma. Mimi sina akaunti. Namba ya oda ilikuja kwa meseji ya kawaida na mimi meseji za maduka huwa nazifuta zote kwa mkupuo. Dada wa huduma kwa wateja ananiuliza namba ya oda, namwambia tafuta kwa namba yangu ya simu, anasema mfumo hauoni, namtumia ile meseji ya muamala, anasema subiri nikuunganishe na wenzangu wa malipo, tukaenda hivyo siku nne. Mwishowe wakanishauri nifungue akaunti kwa namba ileile ya simu ili oda iunganishwe. Nikafungua. Na hapo sasa ndo nikakutana na blenda yangu imeandikwa bei ya mwanachama 72,000, delivari bure kwa oda kuanzia 50,000 ndani ya Dar.

72,000 hadi mlangoni. Mimi nimetoa 79,000. Elfu saba nzima, na kuponi nimepewa kwa upendo.

Bei ya mwanachama haionekani mpaka uwe umelogini, hilo ndo linaloniudhi kuliko yote, afadhali wangeandika tu "ingia uone bei nyingine" mtu ajue. Jagi jipya lakini walileta, siku ya tisa, bila kunidai nauli, hapo niwape haki yao.

Basi mara ya pili nikaenda kwa akili. Nilitaka pampasi za mtoto, pakiti kubwa 34,000. Nikafungua kurasa mbili kwenye simu, moja nimelogini, nyingine kwenye lile dirisha la siri la brauza ambalo halikumbuki wewe ni nani, nikaweka kitu kilekile kote kote nikaenda nazo hadi hatua ya mwisho kabla ya kulipa. Kwenye akaunti pampasi hazina bei ya mwanachama, na 34,000 haifiki kiwango cha delivari ya bure, kwa hiyo jumla 40,000. Kwenye ugeni na kuponi (namba ya simu ya baba mtoto, maana kuponi ni mara moja kwa kila namba) inatoka 3,400, jumla na delivari 36,600. Kuponi imeshinda na sikusita. Pampasi hata zikija na shida nitapambana nazo, haziwezi kuvuja kabla hazijavaliwa.

Nilijaribu pia ujanja wa kuunganisha, naweka kuponi kwanza halafu nalogini, nikidhani itanisindikiza. Ikafutika palepale, "kuponi hii haitumiki pamoja na bei ya wanachama", na kikapu kikabaki na vitu vya wiki iliyopita ambavyo nilishavisahau, sufuria mbili na pazia. Kwa hiyo kama utajaribu, angalia kikapu vizuri kabla hujabonyeza lipa, mimi pazia karibu linipitie.

Mara ya tatu niliongeza sabuni na mafuta ya kupikia hadi 50,000 kamili, nikalogini, delivari bure, nikalipa 50,000. Kwa kuponi ningelipa 45,000 na 6,000 ya delivari, yaani 51,000. Tofauti buku tu lakini oda inakaa kwenye akaunti, kitu kikiharibika sibembelezi mtu. Kwa duka hili basi chini ya 50,000 mimi ni wa kuponi, kuanzia hapo nalogini, na kitu chochote chenye waya au kioo nalogini hata kama kinanigharimu zaidi.

Kuhusu pointi. Kila 1,000 unapata pointi 1, pointi 1 ni shilingi 10, na huwezi kuzitumia mpaka zifike 100. Piga hesabu mwenyewe, ununue vitu vya laki moja upate 1,000, hela ya vitumbua. Halafu pointi ni ahadi tu, lile duka la mtandaoni la Jumia na ukubwa wote ule lilifunga Tanzania Novemba 2019, kwa hiyo mimi pointi siziwekezi kama niko VICOBA.

Mtu ataniambia akaunti inachukua taarifa zako. Ni kweli, waliniuliza hadi tarehe ya kuzaliwa na namba ya NIDA, ya NIDA nikaacha wazi na akaunti ikafunguka bila shida, jaribuni kuacha wazi kila kisichokuwa na kile kinyota chekundu. Ila msidhani mgeni anajificha, namba ya simu umetoa, sehemu unayokaa umetoa, jina lako limetokea kwenye malipo, na meseji za ofa zilianza kuingia nikiwa bado mgeni, tena saa kumi na moja alfajiri kama muadhini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, unaruhusiwa kuwaambia waache kutumia namba yako kwa matangazo. Niliwaandikia mistari miwili tu, wakaacha. Zimebaki za oda.

Na ile namba ya uthibitisho inayokuja kwa meseji ukilogini, usimsomee mtu yeyote kwenye simu hata akijiita nani. Kuna mtu alinipigia anasema ni wa duka, anataka "kuniwekea kuponi ya zawadi", nimsomee zile namba sita. Tapeli huyo, mjukuu wa wale wa meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Nikakata. Ukilipa kwa simu pia soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, litoke jina la biashara, sio la mtu binafsi.

Nikikumbuka Kariakoo nacheka, kule haya mambo yote yapo na hakuna kitufe. "Mteja wangu" ndo akaunti, "nimetumwa na mama fulani" ndo kuponi, na unavitumia vyote viwili kwa pamoja halafu bado unauliza bei ya mwisho ngapi. Shida jua, foleni, na blenda kichwani.

Duka nalipatia nyota 3. Moja ya kijana wa boda, moja ya jagi jipya, moja ya vitu vyenyewe. Mbili nimezizuia kwa ajili ya yale maandishi ya kijivu na bei iliyofichwa.

Halafu kuna kitu nilikikuta kwenye akaunti yangu jana, ukurasa wa "alika rafiki". Kumbe kila mtu mpya akitumia kuponi yako unawekewa 3,000. Kwa hiyo wifi yangu wa Mwanza kanipa "zawadi" iliyonifanya nilipe elfu saba zaidi, akapata 3,000, na ile ya pampasi kwa namba ya baba mtoto akapata nyingine 3,000. Nimemwandikia wasapu, wifi naomba unitumie japo nusu. Tiki mbili za bluu tangu jana saa mbili usiku, na leo asubuhi ameweka stetasi, ana pasi mpya.