Programu za kuchora ramani za michezo ya kuigiza mezani: ipi inunuliwe kwanza?

Mtu anayeendesha mchezo wa Dungeons & Dragons, au mchezo wowote wa kuigiza wahusika unaochezwa mezani kwa kete na karatasi, huhitaji ramani za aina mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni ramani ya nchi, yenye pwani, mito, miji na njia za misafara, ambayo wachezaji huitazama ili waamue waelekee wapi. Ya pili ni ramani ya mapambano, iliyogawanywa kwa miraba ambayo kwa kawaida kila mmoja huhesabiwa kuwa futi 5, yaani mita moja na nusu hivi, na hapo mahali pa mlango huamua nani anaonekana na nani amejificha. Programu nyingi za kuchora hutangazwa kuwa zinaziweza zote mbili. Kwa muda ambao nimekuwa nikiandaa michezo ya kundi letu, nimesadiki kwamba zinazoziweza kweli ni chache, na kwamba anayenunua kwa fedha yake mwenyewe aanze na ile inayochora ramani atakayoihitaji kikao kijacho.

Ili kuzilinganisha kwa haki nimezipa kazi moja: mji wa kisiwani uliofanana na Kilwa ya karne ya 14, wenye mikoko, bandari ya mitepe (vyombo vya kale vya baharini vilivyoshonwa kwa kamba), msikiti mkuu, na kasri lililojengwa juu ya jabali kwa mfano wa Husuni Kubwa, kasri la kale la Kilwa, pamoja na birika lake la pembe nane. Kazi hiyo ni kipimo kigumu, kwa sababu picha zinazokuja na programu hizi karibu zote zimetoka katika Ulaya ya Zama za Kati, au angalau katika Ulaya inayofikirika: ngome zenye minara, nyumba za paa la mteremko mkali, misonobari. Mwenye kutaka nyumba ya mawe ya matumbawe yenye paa bapa, daka na baraza hana budi kuuliza mapema kama programu itamruhusu kuingiza picha zake mwenyewe, na kwa masharti gani.

Kwa ramani ya nchi, Wonderdraft ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Hununuliwa mara moja tu kwa dola 29.99, haina ada ya mwezi wala ya mwaka, husakinishwa kwenye Windows, macOS au Linux, na ikishasakinishwa hufanya kazi bila intaneti. Brashi yake ya kuinua na kuzamisha ardhi huichora pwani kwa ukingo uliovunjikavunjika kama pwani halisi, wala si mstari laini unaofichua kwamba umepigwa kwa mkono wa haraka. Chombo cha mito huupindapinda mto wenyewe, na majina huweza kukunjwa yafuate ghuba au safu ya milima. Kinachonifurahisha zaidi ni uwezo wake wa kuweka picha nyingine juu ya turubai kama kiolezo cha kufuatisha: nilichukua umbo la kisiwa cha Kilwa na bara lililo mkabala nacho, nikafuatisha ukingo wake, kisha nikaondoa kiolezo na kubaki na pwani ambayo mtu aliyekulia kusini mwa Tanzania angeitambua papo hapo. Picha za mikoko na mitepe nilizochora kwenye karatasi na kuzipiga skani niliziingiza kama faili za kawaida za picha za PNG kwenye folda yake, zikatokea miongoni mwa alama nyingine zote. Udhaifu wake huonekana pale unaposogea karibu. Mtaa mmoja wa mji unachoreka kwa subira. Chumba kimoja hakichoreki kwa namna ambayo mpiganaji anaweza kusimama ndani yake.

Hapo ndipo inapoingia Dungeondraft, iliyotengenezwa na mtu yule yule aliyetengeneza Wonderdraft, anayejulikana kwa jina la Megasploot, na inayouzwa kwa dola 19.99 kwa utaratibu ule ule wa kulipa mara moja. Ukichora umbo la chumba, ukuta na sakafu hujitokeza pamoja. Ukiusogeza mlango au dirisha kwenye ukuta, ukuta hujikata wenyewe kuupokea. Nyumba yenye ghorofa huchorwa kwa viwango vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, na taa hutupa mwanga unaozuiwa na kuta. Ramani ya kasri ilinifunza jambo ambalo nisingeliona bila kulichora kwa miraba: katika majumba ya mawe ya pwani, upana wa chumba ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, kwa hiyo vyumba vingi ni virefu lakini upana wake haupiti sana mita mbili na nusu au tatu, yaani miraba miwili. Wapiganaji watatu hawawezi kusimama bega kwa bega humo. Pambano katika nyumba ya aina hiyo huwa la kusukumana kutoka chumba hadi chumba kuelekea uani, tofauti kabisa na pambano katika ukumbi mpana wa ngome ya Ulaya, na programu inayochora kuta kwa uaminifu huifanya tofauti hiyo ihisiwe na wachezaji.

Chombo chake cha kuezeka kimekusudiwa paa za mteremko, kwa hiyo paa bapa nililichora kama sakafu nyingine katika kiwango cha juu, na matokeo yaliniridhisha. Picha za ziada hufungwa katika vifurushi vinavyotengenezwa ndani ya programu yenyewe, na wachoraji kama wale wa Forgotten Adventures hutoa vifurushi vikubwa, vingine bure na vingine kwa malipo. Kwa wanaocheza mtandaoni kuna faida kubwa zaidi: Dungeondraft huweza kuhifadhi ramani katika muundo unaobeba kuta, milango na taa pamoja na picha, hivyo meza ya mtandaoni, yaani programu ya kuchezea pamoja kupitia intaneti, kama Foundry, ikiongezewa moduli (programu-jalizi) inayohusika, hujua mara moja nani anaona nini, na mwendesha mchezo haanzi kuchora kuta upya. Azimio, yaani wingi wa pikseli za picha, nalo lipangwe mapema. Foundry huanza na pikseli 100 kwa mraba, na Roll20, meza nyingine ya mtandaoni, huanza na 70. Ramani ya miraba 30 kwa 20 kwa kipimo cha Foundry itakuwa pikseli 3,000 kwa 2,000, na ikihifadhiwa kwa muundo wa WebP itakuwa nyepesi kuliko ikiwa PNG, jambo ambalo wachezaji wanaotumia bando la simu watalishukuru.

Inkarnate hufanya kazi ndani ya kivinjari na ina toleo la bure, kwa hiyo ndiyo njia rahisi zaidi ya kuanza. Picha zake zinapendeza, na anayeanza hupata ramani ya kuonyesha watu jioni ile ile. Lakini toleo la bure ni kwa matumizi binafsi tu, na anayetaka azimio kubwa au ruhusa ya kuuza kazi yake hulipa ada. Kwa mtu mwenye intaneti ya uhakika na kadi inayolipika kila mwaka pasipo usumbufu, ni chaguo zuri sana. Kwa anayenunua bando la siku na kupata umeme kwa zamu, siioni kuwa na busara kuiweka kazi ya miezi mahali pasipofikika mtandao unapokatika.

Campaign Cartographer 3+ ya ProFantasy, kampuni ya Uingereza iliyoanza kuuza programu hii mwaka 1993, ni ya watu wa namna nyingine. Imejengwa juu ya programu ya michoro ya kihandisi, hutumia Windows peke yake, na hukudai uchague amri kwanza ndipo uchague kitu cha kuitendea. Malipo ya subira hiyo ni usahihi: kila mstari una kipimo halisi, na umbali kati ya miji miwili hupimwa ndani ya ramani yenyewe. Mhandisi au msanifu majengo ataipenda tangu siku ya kwanza. Wengine wasianze nayo.

Kabla ya kulipa chochote, zipo zana za bure zinazostahili kujaribiwa. Azgaar huzalisha dunia nzima yenye mataifa, dini na mabonde ya mito, na Watabou huzalisha mji wenye kuta, ingawa miji yake ni ya Ulaya kwa mpangilio na haibadiliki kirahisi kuwa mji wa vichochoro.

Makundi mengi yanayochezea kwenye meza halisi hayahitaji rangi wala mwanga, kwa kuwa ramani yao itachapwa. Vinyago vidogo vya wahusika vinavyosimamishwa juu ya ramani huhitaji mraba wa inchi moja, yaani sentimita 2.54, na ramani ile ya miraba 30 kwa 20 itakuwa na upana wa sentimita 76 kwa 51, ambao hauenei kwenye karatasi ya A2 bali huenea kwenye A1. Kuichapa kwa rangi kamili kwenye duka la mabango ni gharama ambayo hurudi kila kikao, ilhali mistari myeusi juu ya karatasi nyeupe huchapwa kwa bei ndogo, au hugawanywa katika kurasa za A4 na kuunganishwa kwa gundi. Kwa meza ya namna hiyo ningeanza na Dungeon Scrawl, inayofunguka kwenye kivinjari na kuchora vyumba kwa mistari safi kama ramani za kale za mchezo huu bila kudai senti, kisha fedha iliyobaki niipeleke kwenye Wonderdraft, kwa sababu ramani ya nchi huchapwa mara moja na kutumika kwa miaka.